Taa za Ukungu katika Motokaa Kuukuu

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kazi ndogo niliyoifanya nyumbani kwangu hapa Kalangalala, katika mji wa Geita, yaani kufunga taa mbili za ukungu katika motokaa yangu kuukuu.

Wakaao huku wanazijua alfajiri zetu za masika. Mvua ikinyesha usiku, na kukicha hakuna upepo, ukungu hulala mabondeni mpaka jua lipande. Na saa hiyo ndiyo saa ya watoto kwenda shule kando ya barabara, na ya wenye baiskeli kupeleka mkaa sokoni bila taa yoyote. Asubuhi moja nilikuwa nikiendesha katika bonde la namna hiyo, nimewasha taa kubwa kwa nguvu zake zote. Sikuona ila ukuta mweupe. Ghafula mtoto mwenye sweta ya shule akatokea ubavuni mwa gari, karibu hata ningaliweza kumgusa kwa mkono. Hakuumia, wala nadhani hakujua. Mimi nilisimama mbele kidogo, nikakaa kitako mpaka miguu ilipoacha kutetemeka.

Kosa langu lilikuwa nini? Ukungu ni matone madogo mno ya maji yaliyotanda hewani. Taa kubwa hutupa nuru mbali na juu, na kila tone huirudisha nuru ile machoni mwa dereva. Kwa hiyo kadiri unavyozidisha nuru, ndivyo unavyozidi kuwa kipofu. Taa ya ukungu hufungwa chini, na nuru yake ni pana na bapa, imekatwa juu kama kwa kisu. Hupita chini ya macho yako na kuangaza kando za barabara, mahali waendapo watu kwa miguu. Vumbi jekundu la kiangazi nalo hufanya vivyo hivyo, na huko pia taa hizi husaidia.

Wako wasemao kwamba hapana budi taa ziwe za manjano. Hata Ufaransa, kwa miaka mingi mpaka mwaka 1993, iliamuru taa za mbele za motokaa ziwe na rangi hiyo. Walakini matone ya ukungu hayachagui rangi. Kitu cha kutafuta dukani ni kioo kinachoikata nuru vizuri.

Sasa nieleze kazi yenyewe, na kwanza niungame. Mara ya kwanza nilishika shauri la fundi mmoja, nikapitisha umeme wote wa taa katika swichi ya zamani ya gari, kwa waya mwembamba, bila fyuzi. Siku ya tatu nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, na moshi ukatoka chini ya dashibodi. Nilisimama na kung'oa waya wa betri. Swichi ilikuwa imeyeyuka.

Hesabu yake ni rahisi, nanyi wanafunzi mwaweza kuifanya. Globu moja hutumia wati 55, na betri ni ya volti 12. Gawanya, upate ampea 4 na nusu na zaidi kidogo. Kwa globu mbili ni ampea 9 na kitu. Swichi kuukuu haikutengenezwa kwa mzigo huo. Ndiyo sababu mafundi hutumia rilei, kijisanduku kiwezacho kufungua na kufunga njia ya umeme mwingi kwa kuamriwa na umeme mchache.

Mara ya pili nilianza kwa kufungua waya wa hasi wa betri. Nikafunga taa kwenye bampa, sentimita 45 toka chini, zote mbili sawasawa. Rilei ina miguu minne, yenye nambari. Kutoka upande wa chanya wa betri nilileta waya mnene, wa milimita za mraba 2 na nusu, nikaupitisha katika fyuzi ya ampea 15, kisha katika mguu wa 30. Fyuzi niliiweka karibu kabisa na betri. Maana sehemu ya waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina mlinzi, nayo ikichubuka, gari huwaka moto. Mguu wa 87 ulikwenda kwenye taa. Mguu wa 86 ulikwenda kwenye swichi mpya, nayo ikapata umeme katika waya wa taa ndogo, kusudi taa ndogo zikizimwa, na hizi zizimike. Mguu wa 85, na nyaya za kurudishia umeme toka kwenye taa, nilizifunga katika bodi. Hapo nilikwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae. Katika gari kuukuu, kutu ndiyo huzifanya taa ziwe hafifu. Na pale waya upitapo katika tundu la bati niliweka mpira, bati lisiukate.

Kulenga ndiko kunakosahauliwa na wengi. Nilisimamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, nikachora kwa chaki mstari ulio sentimita 20 chini ya kimo cha taa, yaani sentimita 25 toka ardhini. Kichwa cha nuru kikome katika mstari ule. Kikipita juu, umemtia upofu ajaye mbele yako.

Wala taa hizi haziongezi mwendo. Kwa kilomita 60 kwa saa, gari hukata karibu mita 17 kila sekunde, na sekunde moja yaweza kupita kabla mguu haujagusa breki. Katika ukungu mzito mimi huenda kwa kilomita 20. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi wa Juni 2025, tuendao Mwanza hatungojei tena pantoni. Basi dakika chache za kwenda polepole mabondeni tunazo.

Kazi yote ilinichukua Jumamosi moja, na saa nzima katika hiyo nilikuwa nikitafuta parafujo iliyoangukia majanini.