Umechora Nembo, Hujalipwa: Fanya Hivi

Msikilizaji wa Kitengela, wewe mbunifu unayezifanyia kampuni kazi bila kuajiriwa, sikia hili. Umechora nembo, kampuni imeibandika kwenye magari yake, na kila ukipiga simu unaambiwa mhasibu hayupo. Inauma.

Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 ilitungwa kwa ajili yako. Mahakama hiyo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na uamuzi hutakiwa kutolewa ndani ya siku 60. Unaweza kujiwakilisha bila wakili. Anzia kwenye masjala ya mahakama, Kajiado. Beba ankara, ujumbe wa WhatsApp wa kuagiza kazi, na rekodi ya M-Pesa ya malipo ya kwanza. Usifute chochote!

Jambo moja huwaumiza wengi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, kazi uliyoagizwa huhesabiwa kuwa mali ya aliyeiagiza, isipokuwa mlikubaliana vinginevyo. Basi kabla ya kushika kalamu, andikeni: hakimiliki inabaki kwangu hadi nilipwe shilingi ya mwisho. Mteja akikataa kutia sahihi, dai nusu ya pesa kwanza.