Meno ya bandia yakikuumiza, ufizi upimwe kwanza

Karibu tena, wewe uliye nyumbani, wewe uliye shambani na redio kando ya jembe, na wewe uliye kambini, upande huu wa mpaka ama ule. Kama jirani yako hana redio, ongeza sauti kidogo. Leo ninaongea na wazee wetu waliopoteza meno, na ninyi watoto wao mnaowapikia.

Kuna mama mmoja, jina lake silitaji, aliingia katika chumba chetu cha meno akiwa amebeba kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo, yamefungwa kwa kitambaa, mlikuwa na meno ya bandia ya taya la chini, bado mapya. Aliyanunua kwa pesa ya mbuzi wawili na akayavaa siku tatu tu. Watoto wake wakamwambia, "Mama, utazoea." Hakuzoea. Akawa anakula peke yake nyuma ya nyumba, uji asubuhi, uji jioni, kwa sababu aliona haya kumung'unya bugali mbele ya wakwe zake. Huko nyumbani walianza kusema kwamba mama ana kiburi, hataki kula nao.

Nilipitisha kidole juu ya ufizi wake, naye akaruka kitini. Chini ya ngozi ile laini mlikuwa na mfupa wenye ncha, kama ukingo wa bati lililokatwa vibaya. Kila alipotafuna, plastiki ngumu iliubana ufizi juu ya ncha hiyo. Nani angezoea hayo? Fundi aliyemtengenezea alimpima kinywa katika juma lile lile alilomng'oa meno ya mwisho, akapokea pesa, akaenda zake.

Sasa sikiliza kwa nini ilitokea hivyo. Jino limeshikwa na mfupa. Ukilitoa, linabaki shimo. Damu inaganda ndani yake, na baada ya majuma kadhaa ufizi unalifunika. Ukitazama kwenye kioo unaona kumepona. Lakini chini kazi inaendelea kwa miezi mingi. Mfupa usiokuwa tena na jino la kushika unapungua. Katika mwaka wa kwanza upana wake unaweza kupungua hata nusu, na sehemu kubwa ya hasara hiyo inatokea katika miezi 3 ya mwanzo. Tena haupungui sawasawa: hapa unashuka, pale unaacha ncha. Taya la chini linapoteza zaidi kuliko la juu, ndiyo maana malalamiko mengi tunayopokea ni ya meno ya chini.

Nilimwambia yule mama kwamba anahitaji upasuaji mdogo. Akashika mashavu yake yote mawili. "Mtanikata taya?" Hapana, mama. Na wewe unayesikiliza, ondoa hofu hiyo. Unachomwa sindano ya ganzi, unabaki macho. Daktari anapasua ufizi juu ya ule ukingo na kuufunua pembeni ili auone mfupa wenyewe. Anasugua ncha kwa tupa ya kidaktari, anapapasa kwa kidole, anasugua tena. Wewe utasikia mkwaruzo na mkandamizo, lakini si maumivu. Ukisikia maumivu, inua mkono, uongezewe ganzi. Kisha anasafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali, anarudisha ufizi mahali pake na kuushona. Nyuzi zinatolewa baada ya juma moja hivi. Daktari mzuri anaondoa kidogo tu, kwa maana mfupa huo ndio mto ambao meno yatalalia.

Si ncha peke yake inayosumbua. Wengine wana kinundu cha mfupa katikati ya kaakaa, au ndani ya taya la chini upande wa ulimi. Kinundu cha namna hiyo si kansa. Kama huhitaji meno ya bandia na hakikusumbui, kiache. Wengine wana uzi wa nyama kati ya mdomo na ufizi ambao umepanda sana, na kila wakiongea unayainua meno, huo unakatwa. Halafu kuna wale waliovaa meno yaliyolegea miaka mingi hata nyama ikaota pembeni mwake. Hao kwanza wanavua meno, wanapumzisha kinywa majuma kadhaa, na mara nyingi nyama inanywea. Inayobaki inakatwa na kupelekwa kupimwa. Na kidonda chochote cha mdomoni kisichopona katika majuma 2, uwe na meno ya bandia ama usiwe nayo, kipeleke kikaonwe.

Kabla ya sindano, sema yote. Presha, sukari, mimba, dawa za kuzuia damu isigande, dawa au sindano za mifupa, dawa za kansa. Usiache dawa zako kwa shauri lako mwenyewe. Daktari ndiye atakayeamua. Ukiwa unatumia ARV, sema pia bila haya, haikuzuii kutibiwa. Na una haki ya kuona vyombo vikitolewa katika pakiti iliyofungwa na sindano ikiwa mpya. Kuuliza si utovu wa adabu.

Ukirudi nyumbani, uma pamba uliyopewa kwa nusu saa hivi, usiitoe kila dakika kutazama. Siku hiyo usisukutue, usiteme kwa nguvu, usivute tumbako, usinywe chai ya moto. Kesho yake anza kusukutua polepole kwa maji ya uvuguvugu, glasi moja na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kuvimba kidogo siku mbili tatu ni kawaida. Lakini damu isiyokoma, homa, uvimbe unaoshuka chini ya kidevu kuelekea shingoni, kushindwa kumeza au kufungua kinywa: hapo usingoje asubuhi. Uvimbe wa namna hiyo unaweza kuziba pumzi.

Wengine mmeniuliza habari za meno ya skrubu. Yapo, tangu mwaka 1965 ambapo daktari Msweden, Per-Ingvar Brånemark, alimwekea mgonjwa wa kwanza skrubu za titani zinazoshikana na mfupa. Ni kazi nzuri, ila inataka mfupa wa kutosha, miezi ya kungoja, kurudi kliniki mara kwa mara, na pesa nyingi. Kwa maoni yangu, mtu asiuze shamba kwa ajili hiyo. Meno ya kawaida juu ya ufizi ulioandaliwa vizuri yatakulisha.

Kungoja ndiko kunakowashinda watu. Baada ya upasuaji, kinywa kwa kawaida kinaachwa majuma 4 hadi 8, pengine zaidi, kabla ya kupimwa. Usiyakwangue meno kwa wembe wala kuyasugua kwenye jiwe, na usiyagandishe kwa gundi ya dukani. Usiku yavue, uyaloweke katika maji safi.

Yule mama alikubali baada ya kwenda nyumbani mara mbili kufikiri. Meno yake hayakutupwa: kinywa kilipopona, fundi mwingine aliongeza plastiki upande wa ndani ili yafuate ufizi mpya. Nilimwona tena akila bugali na sombe kati ya wajukuu wake, anatafuna pande zote mbili kama tulivyomfundisha. Mahindi ya kuchoma nimemkataza, na ninajua anayala kwa siri.

Juma lijalo tutaongea juu ya meno ya watoto. Andika maswali yako, umpe mhudumu wa afya wa kijiji au wa kambi yako, atatufikishia. Kwa heri, msikilizaji.