Kiti na Mwenye Kukikalia: Somo Kutoka kwa Marais wa Finland

(Maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali)



Nchi inapojipatia uhuru wake, swali la kwanza linaloulizwa ni nani atakayeongoza. Lipo swali la pili, ambalo aghalabu husahauliwa katika shangwe za siku ile: huyo atakayeongoza ataondokaje? Mazungumzo haya yanahusu swali hilo la pili, na mfano wake ni Finland, jamhuri ya kaskazini ya Ulaya ambayo tangu mwaka 1919 hadi alipoapishwa Alexander Stubb mwaka 2024 ilikuwa imepata marais 13. Historia ya watu hao ni historia ya taifa lililotumia karibu karne nzima kujifunza kutenganisha kiti na mwenye kukikalia.

Finland ilikuwa sehemu ya ufalme wa Sweden kwa karne nyingi, na kuanzia mwaka 1809 ikawa chini ya Mfalme wa Urusi. Tarehe 6 Desemba, 1917, Bunge lake lilitangaza uhuru. Haikutimia hata miezi miwili kabla wananchi hawajaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe. Upande mmoja walikuwa Wekundu, wengi wao wafanyakazi na wakulima wasio na ardhi. Upande wa pili walikuwa Weupe, waliosimama na serikali. Weupe walishinda mwezi Mei, 1918. Watu zaidi ya 30,000 walipoteza maisha, na maelfu miongoni mwao walikufa kwa njaa na maradhi katika kambi za wafungwa baada ya bunduki kunyamaza.

Walioshinda walitaka mfalme. Mwezi Oktoba, 1918, Bunge ambalo wajumbe wa upande ulioshindwa hawakuwamo tena, isipokuwa wachache mno, lilimchagua mwana wa ukoo wa kifalme wa Ujerumani, Friedrich Karl wa Hesse. Mfalme huyo hakupata kutawala hata siku moja, kwani mwezi uliofuata Ujerumani ilishindwa katika Vita Kuu, naye mwezi Desemba akakataa taji. Ndipo Katiba ya jamhuri ilipopitishwa mwaka 1919. Hata hivyo, wale waliopenda ufalme hawakutoka mikono mitupu. Rais alipewa uwezo wa kuongoza mambo ya nchi za nje, kuvunja Bunge na kuteua maofisa wakuu wa Serikali. Ilipangwa kwamba achaguliwe kwa miaka 6 na wajumbe 300, ambao nao walichaguliwa na wananchi. Kuhusu idadi ya vipindi, Katiba haikusema neno. Mlango wa kuingilia ulijengwa kwa uangalifu mkubwa. Wa kutokea haukuwekwa.

Kwa bahati njema, mtu wa kwanza kukalia kiti hicho alijua kuondoka bila kusukumwa. K. J. Ståhlberg alikuwa profesa wa sheria na jaji. Safari ile ya kwanza Bunge ndilo lililochagua, nalo lilimpa kura 143, huku Jenerali Mannerheim, amiri jeshi wa Weupe, akipata 50. Ståhlberg aliwasamehe wengi wa wafungwa wa vita vile, akijua kwamba taifa haliwezi kujengwa na nusu ya watu wake. Ilipofika mwaka 1925 alikataa kugombea tena, ingawa hapakuwa na sheria ya kumzuia. Mwaka 1930 watu wa siasa kali za mrengo wa kulia walimteka nyara yeye na mkewe, wakawapeleka kwa gari hadi mji wa Joensuu, mashariki ya nchi, kisha wakawaachia. Mzee huyo hakuwa na jeshi, wala hakuwa Rais tena wakati huo. Kilichowaudhi watekaji wake ni sheria aliyoisimamia.

Miaka miwili baadaye, watu wa siasa hizo hizo walikusanyika na silaha huko Mäntsälä. Rais wa wakati huo, P. E. Svinhufvud, mwenyewe alikuwa mtu wa mrengo wa kulia, na wengi wa waasi walimhesabu kuwa mtu wao. Yeye alikwenda kwenye redio, akawataka warudi makwao. Walirudi. Nguvu kubwa za kiti zilitumika siku hiyo kuilinda sheria dhidi ya marafiki wa mwenye kiti, na huo ndio mtihani mgumu kuliko yote kwa mtu mwenye madaraka.

Mfano wa ajabu zaidi ni ule wa Risto Ryti, aliyekuwa Gavana wa Benki ya Finland kabla ya kuwa Rais mwezi Desemba, 1940. Kuanzia mwaka 1941 Finland ilipigana na Umoja wa Kisovieti ikiwa bega kwa bega na Ujerumani ya Hitler. Ushirika huo uliiletea nchi balaa, na historia haijauficha. Mwezi Juni, 1944, majeshi ya Kisovieti yalifanya mashambulizi makubwa. Ujerumani ilikubali kutoa silaha kwa sharti kwamba Finland isifanye amani peke yake. Ryti aliandika barua ya ahadi hiyo kwa jina lake mwenyewe, bila kuipeleka Bungeni. Silaha zikaja, na mashambulizi yakazuiwa. Tarehe 1 Agosti, 1944, Ryti akajiuzulu. Bunge likamweka Mannerheim mahali pake, naye akawajulisha Wajerumani kwamba ahadi ya mtu aliyeondoka haimfungi aliyeingia. Mwezi Septemba mkataba wa kusimamisha vita ukatiwa saini Moscow.

Hapo, ndugu, ndipo tofauti ya kiti na mwenye kukikalia ilipoonekana waziwazi. Kama ahadi ingekuwa ya kiti, taifa lingezama nayo. Kwa kuwa ilikuwa ya mtu, mtu aliondoka nayo. Gharama yake Ryti aliilipa mwenyewe: baada ya vita alishitakiwa na kuhukumiwa kifungo cha miaka 10, akasamehewa mwaka 1949 akiwa mgonjwa.

Baada ya Mannerheim na J. K. Paasikivi, akaja Urho Kekkonen. Mwaka 1956 alichaguliwa kwa kura 151 dhidi ya 149; yaani kama mjumbe mmoja tu angebadili kura yake, wangekuwa sawa. Mtu aliyeingia kwa tofauti ndogo kiasi hicho alikaa madarakani kwa zaidi ya miaka 25. Si haki kudharau kazi yake. Aliiendesha nchi yake kwa ustadi kati ya Mashariki na Magharibi, na mwaka 1975 viongozi wa mataifa 35 walikutana Helsinki kutia saini makubaliano ya usalama na ushirikiano. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wakati mwingine wanaosifu ndio humsaidia kumimina. Mwaka 1973 Bunge lilipitisha, kwa kura 170 dhidi ya 28, sheria maalumu ya kumwongezea miaka minne bila uchaguzi. Hoja iliyotolewa ni kwamba nchi ilikuwa katika kipindi kigumu cha uhusiano na mataifa ya nje, na hakuna mwingine aliyeaminiwa na jirani mkubwa kama yeye.

Hoja hiyo yafaa ipimwe, kwa sababu husikika kila mahali penye kiongozi hodari. Kama baada ya miaka 17 hakuna mtu mwingine anayeweza kuaminiwa, kasoro ni ya nani? Vyama vikubwa vilizoea kumtazama Rais kabla ya kutoa maoni. Mwaka 1978 alirudishwa kwa kura 259 kati ya 300. Kisha likaja lile ambalo halizuiliki kwa sheria maalumu wala kwa kura: uzee. Afya yake ilidhoofika akiwa bado ofisini, na mwezi Oktoba, 1981, akaomba kujiuzulu akiwa na umri wa miaka 81. Mtoto aliyezaliwa mwaka alioingia madarakani alikuwa amefikisha miaka 25 bila kumjua rais mwingine.

Mrithi wake, Mauno Koivisto, mwana wa seremala aliyewahi kufanya kazi bandarini, alikwisha kuonyesha msimamo wake akiwa Waziri Mkuu. Mwaka 1981 Rais alipotaka ajiuzulu, alijibu kwamba Serikali inategemea imani ya Bunge. Jibu hilo lilikuwa limeandikwa katika Katiba miaka yote. Alikosekana wa kulisoma kwa sauti. Alipokuwa Rais hakulipiza kisasi kwa mtangulizi wake, bali aliacha kutumia sehemu ya nguvu alizorithi. Mwaka 1991 Katiba ikarekebishwa: Rais asizidi vipindi viwili mfululizo, na achaguliwe moja kwa moja na wananchi.

Wa kwanza kuchaguliwa hivyo, mwaka 1994, alikuwa Martti Ahtisaari, ambaye hakuwa mgeni Dar es Salaam. Mtu huyo aliyesomea ualimu wa shule ya msingi alikuwa Balozi wa Finland nchini Tanzania katika miaka ya 1970, wakati vyama vya ukombozi vilipokuwa na ofisi zao katika mji huo. Mwaka 1977 akawa Kamishna wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Namibia, na baadaye alisimamia mpango uliofikisha nchi hiyo kwenye uhuru mwezi Machi, 1990. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Pamoja na heshima yote hiyo duniani, urais wake ulikuwa wa kipindi kimoja tu, naye akakabidhi kiti.

Tarehe 1 Machi, 2000, Katiba mpya ilianza kazi, ikampa Waziri Mkuu na Bunge sehemu kubwa ya mamlaka yaliyokuwa ya Rais. Siku hiyo hiyo aliapishwa Tarja Halonen, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo. Alipendwa sana, akamaliza vipindi viwili, akaondoka mwaka 2012. Sauli Niinistö akafuata. Mwaka 2022 Urusi iliposhambulia Ukraine, hofu ilirudi katika mpaka ule ule wa mashariki, na mwezi Aprili, 2023, Finland ikaingia katika shirika la kujihami la NATO. Hatari ya miaka hiyo haikuwa ndogo kuliko ile ya mwaka 1973. Sheria ya kumwongezea mtu muda haikutungwa. Uchaguzi ulifanyika, na tarehe 1 Machi, 2024, kiti kikapata mtu mwingine.

Ndugu, sheria ya kuweka mwisho wa uongozi haikuletwa Finland na kiongozi mwovu. Ililetwa baada ya kiongozi hodari, aliyependwa, ambaye wenzake waliona haya kumwambia kwamba jua limekuchwa. Kiongozi mbaya huonwa na wote. Kwa kiongozi mzuri ndipo watu hulegeza kamba, wakaishona sheria kwa kipimo cha mwili wake. Na atakayekuja baadaye, mwema au mwovu, hulikuta vazi limekwisha kushonwa.

Cheo ni dhamana, na dhamana hurudishwa. Mwalimu anayefundisha uraia, na mtumishi anayeandaa rasimu ya sheria au kanuni mezani pake, wote wawili wana sehemu katika jambo hili. Kila rasimu inapowekwa mbele yake, mtumishi huyo ana swali moja la kuuliza kabla ya kutia saini: je, hili limeandikwa kwa ajili ya kiti, au kwa ajili ya yule anayekikalia leo?