BAHARI NAYO INA MBEGU

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Ndugu zangu wa darasa la Masaki, na wa madarasa mengine mnaotusikiliza, kaeni sawasawa, fungueni madaftari, tuanze somo letu.

Leo tutasoma habari za bahari. Najua yuko mmoja wenu anayejiuliza: "Sisi tuko huku vilimani Kisarawe, tunalima mihogo na mikorosho. Bahari inatuhusu nini?" Hilo ni swali zuri. Jibu la kwanza limo chunguni mwako: samaki unayemnunua kwa mchuuzi ametoka baharini. Jibu la pili ni hili: Kisiwa cha Mafia kimo katika Mkoa wa Pwani, mkoa wenu huu huu.

Basi sikilizeni. Chini ya bahari ya Mafia kuna matumbawe. Ukiyatazama utadhani ni mawe tu, kumbe yamejengwa na viumbe wadogo sana, kidogo kidogo, kwa miaka mingi. Humo samaki hupata chakula na maficho, na wachanga hukulia humo. Matumbawe kwa mvuvi ni kama ghala ya mbegu kwa mkulima. Mkulima mwenye akili hata akiwa na njaa hali mbegu zake zote.

Lakini walitokea watu wakavua kwa baruti. Baruti ikilipuka, samaki hufa wakubwa kwa wadogo. Mvuvi huokota wanaoelea, na wengine huzama wakaoza bure. Tena lile jumba la matumbawe huvunjika likawa kifusi. Wengi wa wavuvi hao walitoka nje ya Mafia. Wakisha kuharibu, huondoka. Mwenyeji hubaki na bahari tupu.

Kwa hiyo Serikali ilitunga sheria mwaka 1994, na mwaka 1995 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya namna hiyo katika Tanzania. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 822. Imegawanywa sehemu tatu. Katika sehemu ya kwanza, kuvua ni marufuku kabisa. Katika ya pili, wenyeji huvua kwa vyombo vilivyoruhusiwa. Katika ya tatu, hata mtu wa nje aweza kuvua akiwa na kibali.

Katika miaka ile ya 1990, mwanachuoni mmoja wa Marekani, Bibi Christine Walley, alikaa Mafia, katika kisiwa kidogo cha Chole. Hakwenda kuhesabu samaki. Alikwenda kusikiliza watu, na mwaka 2004 kitabu chake kikatolewa. Aliona nini? Aliona kwamba mwanzoni wenyeji wengi waliitaka hifadhi, maana walitaka baruti ikomeshwe. Baadaye wengi walinung'unika. Walisema mambo mengi yanaamuliwa na maofisa, wafadhili na wenye hoteli, na wao wenye bahari hawasikilizwi vya kutosha.

Ndugu zangu, hapa pana jambo la kufikiri. Samaki wanahitaji kupumzika ili wazaane. Hiyo ni kweli. Mvuvi aliyekatazwa wavu wake leo, watoto wake watakula nini usiku? Hiyo nayo ni kweli. Ukiishika kweli moja na kuitupa ya pili, hifadhi haitadumu. Ninyi mnaifahamu misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, nayo ni ya hifadhi. Mnajua wenyewe ugumu wa kulinda kitu ambacho mwenye haja nacho anaishi mlangoni pake.

Sheria ile ya 1994 yenyewe inataka wenyeji washirikishwe katika kupanga na kuendesha hifadhi, na wapate sehemu ya faida. Lakini neno la sheria halitembei lenyewe kuja kijijini. Lazima awepo mtu wa kulisoma mkutanoni na kuuliza: "Mbona imeandikwa hivi, nanyi mnatenda vile?" Asiyejua kusoma hutia kidole gumba kwenye wino na kukubali asichokijua. Ndiyo sababu mnakuja darasani jioni, mmechoka na jembe.

Sasa someni kwa sauti, kisha andikeni:

Matumbawe ni nyumba ya samaki.
Baruti huvunja nyumba hiyo.
Mwenyeji ashirikishwe katika kupanga.

Maswali ya kuzungumza na mwalimu wenu:

1. Kwa nini wenyeji wa Mafia waliitaka hifadhi?
2. Kwa nini baadaye walinung'unika?
3. Kama kijiji chako kingetengewa eneo la hifadhi, ungeuliza nini mkutanoni kabla ya kutia sahihi?

Jibuni swali la tatu kwa kuandika, hata kama ni mstari mmoja. Kwaherini, mpaka somo lijalo.