Kapu la Sokoni na Chungu cha Nyumbani

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lililo karibu nasi mno hata twalipita bila kulitazama: vyakula tulimavyo sisi tukaao pembezoni mwa mji, na njia vishikayo vikitoka bustanini.

Mkoa wa Dar es Salaam umejaa watu. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha watu 5,383,728, na wengi wao hukaa pembeni, upande wa Chanika, Mbagala, Kibamba na Bunju. Huko nyumba na shamba bado ni majirani. Uani mna mpapai na mnazi, nyuma ya jiko mna tuta la matembele, na bondeni mna mchicha. Mchicha huwa tayari kwa majuma matatu au manne tangu kupandwa, na matembele huchipua tena kila yachumwapo. Nyumba yenye bustani ya namna hiyo si maskini wa chakula.

Lakini tuzitazame desturi zetu. Alfajiri mama hufunga mafungu ya mboga, baba hupanga mapapai na mayai kapuni, na vyote huenda sokoni. Jioni fedha hurudi, zikanunua sembe, sukari na mandazi. Watoto waliomwagilia bustani hula ugali kwa mchuzi mwepesi. Mganga hajigangi! Wala hatulaumu biashara. Mkono mtupu haulambwi, na sare za shule na dawa zataka fedha. Tunacholaumu ni mpango wenyewe, yaani soko kuchagua kwanza, na nyumba kupewa masalio.

Hasara yake haionekani kwa siku moja. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba, katika kila watoto 10 walio chini ya miaka mitano, 3 wamedumaa. Sababu ni nyingi, na maradhi ni mojawapo. Lakini chakula cha namna moja ni sababu kubwa. Mtoto aweza kushiba kila siku, na mwili wake ukakosa vya kujengea. Siku zenye thamani kupita zote ni 1,000 za mwanzo, tangu mimba hata atimize miaka miwili. Zikipita, ni vigumu sana kurudisha kilichopotea.

Basi shauri letu ni hili: kabla kapu halijafungwa, fungu la nyumba litolewe. Fungu moja la mboga, papai moja, na yai kwa mama mwenye mimba na kwa mtoto aliyekwisha kupita miezi sita. Mchicha na matembele visipikwe mpaka vikavurugika. Na vitiwe tui la nazi au mafuta kidogo, kwa kuwa bila mafuta mwili haupokei vema vitamini A iliyomo. Kisamvu ni mbali: hicho kitwangwe na kuchemshwa sana, maana kibichi kina sumu. Tena mboga zisinyweshwe maji ya mifereji ya taka, na zioshwe kwa maji safi kabla ya kupikwa.

Jambo la mwisho lawahusu mume na mke. Mara nyingi mama ndiye alimaye, na baba ndiye akatae shauri la fedha. Yafaa waketi pamoja, wahesabu kiendacho sokoni na kibakicho, wakubaliane. Likiwa agano la wawili, fungu la watoto halitaguswa hata mchuuzi akipandisha bei.

Kesho kapu litakapojazwa, na tuulizane neno moja tu: cha watoto kimekwisha kutolewa?