Faili Limebadilishwa, Seva Haina Habari



Usiku wa mwisho wa kupokea maombi ya chuo kimoja, mpwa wangu alikaa katika duka la intaneti Mwanjelwa, jijini Mbeya. Alijaza fomu, akabonyeza kitufe cha kutuma, akasubiri. Baada ya kama dakika moja, kosa likatokea kwenye kioo. Akarudia mara mbili zaidi. Mwenzake aliyekuwa Iringa mjini naye akapata balaa hilo hilo. Wote wakaulaumu mtandao wa simu. Je, mtandao ndio mkosaji? La hasha.

Tovuti nyingi huendeshwa kwa lugha ya PHP, iliyotolewa mwaka 1995 na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland. Lugha hiyo ina faili la mipangilio liitwalo php.ini. Humo huandikwa, pamoja na mengine, kwamba kazi moja isizidi sekunde 30, isije ikakwama na kuwanyima wengine nafasi. Kwa kawaida seva hulisoma faili hilo inapowashwa, basi. Fundi akibadili 30 kuwa 120 bila kuiwasha seva upya, ni sawa na kubandika nauli mpya kituoni wakati basi limeshaondoka na kondakta wake.

Mtego wa pili: fundi anapojaribu programu kwa kuandika amri mwenyewe, mara nyingi php.ini inayosomwa ni nyingine, na huko kikomo cha muda hakipo kabisa. Kwake mambo shwari. Kwa mwombaji ni giza.

Mtego wa tatu ndio mzito. Mbele ya PHP yupo bawabu, kama vile Apache au nginx, mwenye saa yake, aghalabu ya sekunde 60. Na katika Linux, saa ya PHP haihesabu muda wa kungoja hifadhidata ijibu. Hivyo kazi hupita sekunde 30 bila kukatizwa, lakini zikifika 60 bawabu hufunga mlango. Mwombaji huona kosa, kumbe huko ndani kazi huenda inaendelea na ombi linaandikwa!

Hayo ndiyo yaliyomkuta mpwa wangu. Asubuhi jina lake lilikuwa limeandikwa mara tatu, ikabidi apande basi hadi ofisini kueleza kwamba hakufanya hila.

Ndugu mafundi, mkibadili mipangilio, iwasheni seva upya, kisha jaribuni kwa kupitia mlango ule ule anaopitia mwombaji. Saa zenu zipatane. Tena kuongeza muda ni kutuliza maumivu tu. Dawa ni kuiharakisha kazi yenyewe. Programu nayo itambue ombi lililokwisha kupokelewa, isiliandike mara ya pili.

Nanyi wakuu wa vyuo, msiwahukumu vijana kwa saa wasizoziona. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.