Maumivu ya Tumbo Yasiyokwisha Yasiachwe Kuzoeleka



Hapa Bweranyange ndipo palipokuwa makao ya Mukama Rumanyika, na hapa ndipo Waingereza wawili, Speke na Grant, walipopokewa mwaka 1861. Januari 1862 Speke aliendelea na safari ya kwenda Buganda. Grant, aliyekuwa na kidonda kibaya mguuni, alibaki Karagwe kwa miezi mitatu akihudumiwa na wenyeji. Mgonjwa asiyeweza kusafiri hutegemea yale yanayopatikana alipo. Hilo halijabadilika sana, na leo nitalieleza kwa mfano wa kiungo kimoja kisichotajwa sana: kongosho.

Kongosho limelala nyuma ya mfuko wa chakula. Hutengeneza insulini, na pia hutoa maji ya kuyeyushia chakula, ambayo hupita katika mfereji mwembamba hadi kwenye utumbo mdogo. Mfereji huo ukizibwa na mawe au makovu, maji hujaa nyuma ya kizuizi. Ndipo mgonjwa hupata maumivu makali chini ya chembe cha moyo, yakipenya hadi mgongoni. Hukonda, choo chake huwa cha mafuta, na mwisho huweza kupata kisukari.

Pombe na sigara ni visababishi vikubwa vya ugonjwa huu. Hata hivyo, tusifanye haraka kumwita kila mgonjwa mlevi. Mwaka 1960 Daktari A. G. Shaper, aliyekuwa akifanya kazi kwa jirani zetu wa Uganda, aliandika juu ya ugonjwa wa kongosho akiuhusisha na upungufu wa protini. Katika nchi za joto umeonekana pia kwa vijana wasioonja pombe.

Je, sayansi imefika wapi? Mwaka 2002 madaktari wa Ulaya walieleza njia ya ajabu. Mpira mwembamba wenye kamera na ultrasaundi kwenye ncha yake huingizwa mdomoni hadi tumboni. Daktari huuona mfereji uliojaa, huutoboa kwa sindano kupitia ukuta wa tumbo, hupitisha waya kwa kuongozwa na eksirei, kisha huacha mrija mdogo ili maji yamwagikie tumboni. Hutumiwa hasa pale ambapo mfereji haufikiki kwa kupitia mlango wake wa kawaida utumboni. Ni kazi ya mabingwa wachache, na ina hatari za kuvuja, kutoka damu na kongosho kuvimba.

Je, asiyefikia mashine hiyo akate tamaa? Hasha! Madaktari wa Uholanzi walilinganisha upasuaji na njia ya kawaida ya kupitia mdomoni. Katika utafiti wao wa mwaka 2007, kati ya waliopasuliwa asilimia 75 walipata nafuu ya maumivu. Kwa wale wa njia ya mdomoni ni asilimia 32 tu. Utafiti wa pili, wa mwaka 2020, ulionyesha kuwa waliopasuliwa mapema waliumwa kidogo zaidi. Upasuaji huo, wa kuupasua mfereji na kuuunganisha na utumbo, umejulikana tangu miaka ya 1950. Unahitaji daktari bingwa wa upasuaji, damu ya akiba na uangalizi mzuri.

Kwa hiyo, Ndugu Wananchi, adui wetu wa kwanza ni kuchelewa. Mtu huumwa mwaka mzima akimeza dawa za vidonda vya tumbo, au akiambiwa amerogwa, huku kongosho likiharibika pasipo kurudi. Maumivu ya namna hii yakirudi mara kwa mara, hasa yakiandamana na kukonda, mgonjwa aende hospitali, apimwe ultrasaundi na sukari. Ikibidi, apewe rufaa ya kwenda Bugando, Mwanza, bila kusubiri msimu wa kahawa upite. Aliyekwisha kuugua aache kabisa gongo na sigara. Viongozi nao wana wajibu wa kuhakikisha kwamba rufaa ya mkulima haiishii kuwa karatasi mfukoni kwa kukosa nauli.

Mashine za mbali tuzitamani, lakini mgonjwa wa leo tumwahishe leo.